Pipa la Mzee Mbaruku

Maiti hana kiu.

Mmeambiwa neno hili asubuhi bombani, mkarudi hapa mnacheka, kwamba watu wa mtaa huu hata kwenye foleni ya ndoo lazima wamtaje maiti. Chekeni tu, meno ni yenu. Aliyewaambia hakuwatukana. Alimwona Saumu amekumbatia dumu la pili, la kumwekea mgeni ambaye hata tiketi hajakata, na nyuma yake mama wa watu amebeba mtoto anayelia koo limemkauka. Sasa mnataka kujua neno limetoka wapi. Haya, Saumu, shika ungo huo uchambue mchele huku unasikiliza, maana maji ya kuupikia tunayo kidogo na ya kuoshea mchanga hatuna. Na ukisikia mpaka mwisho hutacheka tena.

Chanzo chake ni hiki.

Hapa hapa Kisimachungu paliishi mzee akiitwa Mbaruku, muosha maiti. Wanaume wote waliokufa mtaani humu katika ujana wake na utu uzima wake walipitia mikononi mwake. Alikuwa na mkono mwepesi, anamgeuza maiti taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha. Lakini msidhani alikuwa mtu wa kununa. Kazi yake ilikuwa ya majonzi, mwenyewe alikuwa mtu wa utani, hata kwenye matanga huwezi kukaa karibu naye usicheke. Ulimi huo ndio uliomponza.

Ulipita mwaka mmoja wa ukame, kabla ya huu ninaousimulia, akafa rafiki yake, Kibwana fundi cherehani. Siku hiyo mtaa mzima haukuwa na tone. Mzee Mbaruku akafanya ilivyoruhusiwa, akamtayamamisha mwenzake kwa udongo, uso na mikono, wakamsalia, wakamzika. Dini imetoa ruhusa, lakini midomo ya watu haiombi ruhusa kwa mtu. Miezi na miezi watoto wa Kibwana walikuwa wakisimangwa: baba yenu mlimtia vumbi kabla ya kaburi. Wakitaka kuoa wanaambiwa hivyo, wakigombana na mtu sokoni wanaambiwa hivyo.

Jioni ile aliyotoka kumzika Kibwana, Mzee Mbaruku alikaa kula na binti yake, Mwantumu. Alikuwa amechoka, na alipochoka ndipo utani ulipomjia. Akasema, "Mimi nimewaosha wote hawa. Siku yangu msije mkanipaka vumbi kama Kibwana." Akacheka, akaomba aongezewe mchuzi.

Mwantumu hakucheka. Alikuwa mtoto pekee wa mzee huyo, mama yake alikufa angali mdogo, na ndoa yake ilivunjika akarudi kwa baba. Hakuwa na mtu mwingine duniani wala hakumtaka. Baba amesema neno, yeye amesikia wasia. Aliuweka moyoni palepale, na mzee hakujua.

Baadaye kiharusi kikampiga mzee. Kikachukua upande wake wote wa kulia, kikachukua na ulimi. Akili ilibaki nzima, na hapo ndipo penye mateso. Maneno yote yalikuwa mle kichwani, yamejipanga vizuri, lakini mlangoni hapapitiki. Siku njema hutoka mawili, matatu, tena ya kuvutwa. Hata jina la binti yake lilimshinda. Akawa mtu wa kulala kitandani chini ya dirisha, anatazama dari, anasikia mtaa unavyopita nje, na kila kitu anakielewa.

Ukaja sasa ukame wenyewe. Gari la matangazo likapita na kipaza sauti: maji yatatoka kwa mgao, mara moja kwa wiki. Baadaye mara moja kwa wiki ikawa siku yoyote yatakapopatikana. Watu wakajifunza ubahili ambao hawakujua wanao. Nyumbani kwa Mzee Mbaruku, maji yaliyooshea mchele ndiyo yaliyooshea sahani, na yaliyooshea sahani ndiyo yaliyomwagwa chooni. Nguo zilivaliwa mpaka zikasimama zenyewe. Mwantumu alitawadha kwa kikombe kimoja na beseni chini yake, na maji ya beseni yakaenda kwenye mche wa mkomamanga wa marehemu mama yake. Hilo lote lilikuwa jema. Mtu asiyejua kubana maji wakati wa mgao ni adui wa jirani yake.

Lakini kulikuwa na pipa.

Lilikuwa pipa la buluu, kubwa, lenye mfuniko. Siku ya kwanza ya mgao, Mwantumu alilijaza maji ya bomba hadi mdomoni, akaliweka chumbani kwa baba yake, ukutani, mkabala na kitanda. Akalifunika kitambaa cheupe. Jirani akija kuomba kata moja, anajibiwa kwa upole, "Hayo yana mwenyewe." Hakumfukuza mtu, hakumtukana mtu. Alitoa ya kwenye ndoo yake hata kama ni ya mwisho, ila yale ya pipa hakuyagusa. Mtaa mzima ukajua kwamba yale ni maji ya kumwoshea mzee, na watu wakampa heshima yake. Walimwona mtoto mwema, wakawaambia watoto wao, mwoneni Mwantumu.

Nanyi mnajua watu wetu walivyo, neno kufa hawapendi kulitaja mbele ya mgonjwa. Basi pipa likawa ndilo neno. Mzee akikohoa usiku, asubuhi watu wanaulizana, "Pipa je?" Wanajibiwa, "Bado limefungwa, alhamdulillahi." Wakiwaza mambo ya mbele wanasema, siku pipa la mzee litakapofunguliwa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Mzee Mbaruku aliyasikia yote hayo kupitia dirishani. Fikirieni, mtu amelala anatazama maji ya kujioshea mwenyewe kuanzia alfajiri hadi magharibi. Kwanza lilimchekesha. Baadaye likamwudhi. Kisha likamtisha, na si kwa kuogopa kufa, alikuwa amekaa na vifo miaka yote hiyo. Kilichomtisha ni Mwantumu. Alimwona anavyokonda. Alimwona anamletea yeye maji ya bomba kwenye birika, masafi, halafu anaenda pembeni na kunywa kutoka kwenye dumu jeusi, maji ya kisima cha bondeni, yale machungu yaliyoupa mtaa huu jina lake. Mwanzoni aliyachemsha. Baadaye akaacha, kwa sababu aliona kila akichemsha sufuria inapungua, na yeye hakuwa mtu wa kukubali hata mvuke umwibie maji.

Siku moja mzee alikusanya nguvu, akaunyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye pipa.

"Kunywa," akasema. "Hayo."

"Haya, baba? Nikiyagusa leo, kesho nitayarudisha na nini?"

"Kunywa."

"Nilikuahidi, baba. Hakuna atakayekutia vumbi mimi nikiwa hai."

Hapo ndipo mzee alipoelewa. Alikumbuka jioni ile, mchuzi ule, kicheko chake mwenyewe. Alitaka kumwambia, mwanangu, nilikuwa natania. Ni neno dogo tu, natania, mtoto wa miaka miwili analisema. Alilisukuma, likakwama. Alilisukuma tena. "Na," akasema. "Nata. Na." Mate yakamtoka. Mwantumu akampangusa kwa upindo wa kanga, akamlaza vizuri.

"Najua, baba," akasema. "Sitasahau."

Mzee alilia siku hiyo. Mwantumu alidhani analia kwa furaha, kwamba ameona mtoto wake anashika maneno.

Basi ikawa siku ambayo habari zilienea kwamba maji yatatoka. Mtaa wote ulihamia bombani mapema, wake kwa waume, na ndoo zao na madumu yao, hata nyumba nyingine zikaachwa wazi. Bi Tatu, jirani wa ukuta mmoja, alimgongea Mwantumu wafuatane. Mwantumu akamjibu kutoka ndani kwamba tumbo linamsumbua kidogo, atangulie, yeye atakuja. Bi Tatu akaenda.

Tumbo lenyewe halikuwa la kidogo. Lilikuwa limemshika tangu alfajiri, kuharisha na kutapika, mpaka akawa hatoki chooni. Jua lilipopanda alijikokota hadi chumbani kwa baba yake kumpa uji, bakuli likamponyoka, akaketi sakafuni. Kisha akalala pale pale mkekani. Macho yalikuwa yamezama ndani na midomo imepasuka. Mzee alitazama, akajua. Nani mwingine angejua kama si yeye? Sura ile alizoea kuikuta ikiwa tayari imefumba macho.

"Kunywa," akasema.

Mwantumu akatikisa kichwa. "Ya bomba yakitoka, Bi Tatu ataniletea."

"Kunywa!"

"Hayo yana mwenyewe, baba," akasema, kwa sauti ndogo sana, na hakusema tena. Pipa lilikuwa mkono mmoja kutoka alipolala.

Mzee akaanza kupiga kelele. Kelele za mtu wa kiharusi si kelele, ni mkoromo tu, na nje hapakuwa na mtu. Alishika nondo ya dirisha kwa mkono wake mzima, akajivuta mpaka uso ukafika kwenye nondo. Mtaa mtupu. Alingoja. Mara akasikia gurudumu la mkokoteni linalia. Alikuwa Hoza, kijana muuza maji, mtu wa milimani, hana muda mrefu tangu ahamie mjini. Anashuka kisimani na madumu matupu.

"Shikamoo mzee," Hoza akasema. "Unataka maji? Subiri nirudi."

Mzee akakusanya kila alichonacho. Alitaka kusema mwanangu anakufa, ingia ndani. Hayo yalikuwa maneno mengi mno. Akatafuta yale yanayotoka.

"Pipa," akasema.

"Pipa?"

"Langu. Wafungue." Akapumua. "Tatu. Mwambie."

"Nimwambie Bi Tatu wafungue pipa lako?"

Mzee akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka. Alijua Bi Tatu akisikia tu, atakimbia. Hoza alikuwa kijana mwenye adabu, na dirisha lilikuwa juu, hakuona aliyelala sakafuni. Akaacha mkokoteni wake pale pale, akaenda mbio hadi bombani.

Sasa sikilizeni hapa. Hoza hakukosea hata neno moja. Alifika kwenye foleni, akaita, "Bi Tatu ni yupi? Nimeagizwa kutoka kwa Mzee Mbaruku. Pipa lake lifunguliwe."

Bi Tatu akaiweka ndoo chini, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Wenzake wakaitikia.

Hakuna aliyemwuliza Hoza ni nani hasa aliyemwagiza. Lingekuwa swali la pumzi moja, naye angejibu, ni mzee mwenyewe. Kwa nini waulize? Pipa la mzee limefunguliwa, maana yake walikuwa nayo zamani. Wanaume wakagawana kazi kwa sauti za chini. Huyu akaenda kwa sheikh, yule akaenda msikitini kuchukua ubao wa kuoshea na jeneza, mwingine akaenda kutafuta sanda na kafuri. Bi Tatu alitaka kuondoka palepale akamshike Mwantumu mkono. Lakini bomba lilikuwa limeanza kukoroma, na zamu yake ilikuwa karibu, na msiba ni watu, na watu ni maji. Akasema moyoni, acha kwanza alie na baba yake. Akangoja ndoo ijae. Aliisimulia ndoo hiyo mpaka anaingia kaburini.

Kule chumbani mzee alingoja miguu ya watu wakikimbia, haikuja. Akajitupa chini kutoka kitandani. Alianguka kwa upande uliokufa, hakusikia maumivu, akajiburuta kwa kiwiko hadi kwenye pipa. Mdomo wake ulikuwa juu, hakuufikia. Alilisukuma lianguke, na lilikuwa limejaa, halikutikisika. Alichopata ni kile kitambaa cheupe. Kilikuwa kikavu. Akampangusia mwanawe uso kwa kitambaa hicho kikavu, kwa ule mkono wake mwepesi.

Walipoingia na ubao na sanda, wakiwa wameshatayarisha nyuso za msiba, walimkuta maiti wao yuko hai, amekaa sakafuni, anawatazama. Walisimama mlangoni. Bi Tatu ndiye aliyemwona Mwantumu. Akatupa mfuniko wa pipa kule, akachota kata, akamwinua kichwa. Mwantumu alikuwa bado anapumua. Maji yakaingia mdomoni, yakatokea pembeni, yakalowesha kanga. Akachota tena. Akamwita kwa jina lake, akamwita mwanangu. Hayakushuka hata kidogo. Muda si muda pumzi ikakatika.

Kila kitu kilikuwa tayari. Ubao upo, kafuri ipo, sanda ipo, ila ilikuwa ya mwanamume, ikabidi atumwe mtu akaongeze nguo. Na maji yalikuwepo, pipa zima, masafi.

Wanawake wakamwoshea uani. Mzee alirudishwa kitandani, wanaume wakakaa naye. Alisikia kata inavyogonga ukingo wa pipa. Kwa mlio wa maji tu alijua wamefika wapi, sasa ni kichwa, sasa ni upande wa kulia, sasa ni wa kushoto, sasa wametia kafuri. Hakuna kosa walilofanya. Walimwosha Mwantumu kama ambavyo angetaka baba yake aoshwe.

Walipomaliza, Bi Tatu aliingia, mikono bado imelowa. Aliinama karibu na sikio la mzee, akasema kwa heshima yote, "Baba, yametosha, tena yamebaki mengi. Haya yaliyobaki tutayafunika vizuri. Tunakuwekea wewe."

Mzee Mbaruku alimgeukia. Wapo waliodhani hatajibu kitu. Kinywa kilihangaika, shingo ikatoka mishipa, na neno la kwanza likaja, wakangoja mpaka likaja la pili, wakangoja.

"Maiti," akasema. "Hana. Kiu."

Bi Tatu akapiga magoti palepale. Mzee akaunyoosha mkono wa kushoto, akawaonyesha watu waliojaa ukumbini, watu waliokaa foleni tangu asubuhi na midomo yao meupe, na watoto wao. Akaonyesha, akaonyesha tena, mpaka wakaelewa. Wakalileta pipa ukumbini, likapita kikombe mkono kwa mkono. Waliyanywa maji yale wanalia, na aliyeona vibaya kuyanywa, mzee alimtazama mpaka akanywa. Hoza alipewa mwisho. Alikikamata kikombe muda mrefu, alikuwa bado hajaelewa kosa lake ni lipi, na kwa kweli hakuwa na kosa.

Mzee hakufa mwaka ule. Aliishi ukame wote, wanamtazama majirani kwa zamu. Utani haukurudi tena, hata ulimi ulipolegea kidogo na maneno yakaongezeka. Alikufa masika yaliyofuata, siku ambayo mvua ilinyesha tangu usiku na kila mchirizi wa paa ulikuwa unamwaga. Hakuna aliyebeba ndoo. Walikinga maji chini ya paa lake mwenyewe wakamwoshea hayo, na yaliyobaki wakayamwaga kwenye mkomamanga, maana hayakuwa na kazi nyingine.

Basi tangu hapo, mtu akionekana amefungia maji ya jambo ambalo halijafika, na karibu naye yupo anayehitaji leo, mtaa huu humwambia neno lile. Halimwambii asiweke akiba. Wekeni, baneni, kila tone lihesabuni. Ila mkisha kufunika, tazameni kwanza nani amelala karibu na pipa.

Saumu, weka ungo chini. Lile dumu la mgeni ulilipeleka wapi? Lichukue, yule mama anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, na mtoto nimemsikia bado analia. Mgeni akija atakuta tulichonacho. Nenda, mwanangu. Maiti hana kiu.